Kufuta kodi ya taulo za kike pekee hakutoshi
Kuna makala niliyoisoma inayoshauri kwamba kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike ifutwe tena, nami siafiki kwamba hilo pekee litatosha. Jambo hilo tumekwisha kulijaribu: Serikali ya Tanzania iliifuta kodi hiyo katika bajeti ya mwaka 2018/19, kisha ikairejesha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka, yaani nafuu aliyokusudiwa msichana iliishia kwa wafanyabiashara. Aliyeadhibiwa, ajabu, ni mnunuzi. Kenya, iliyoondoa kodi hiyo tangu 2004, ililazimika mwaka 2017 kutunga sheria inayoitaka serikali iwape wanafunzi wa kike wa shule za umma taulo hizo bure, ingawa utekelezaji wake, tuseme kweli, umekuwa wa kusuasua. Hata hivyo njia hiyo ndiyo ninayoiunga mkono, kwa sababu pakiti inayokabidhiwa shuleni haipandishwi bei na mwenye duka. Fedha zake zitengwe pamoja na za vyoo, kwani msichana aliyepewa taulo, lakini choo cha shule yake hakina maji, komeo mlangoni wala pa kutupia iliyotumika, bado atabaki nyumbani siku hizo.