Tangi tupu: pikipiki ya umeme ifanane na nini?

Pale kijiweni kwetu Sinza kuna kijana aliyepata pikipiki ya umeme kwa mkataba. Siku ya kwanza alipoileta, wenzake waliizunguka kama wanaokagua mbuzi mnadani. Mmoja akalipiga tangi konzi, likalia kama ndoo ya plastiki. "Mbona tupu?" Mwenyewe akafunua kifuniko: ndani kulikuwa na koti la mvua, waya wa kuchajia simu na chapati mbili kwenye mfuko. Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Tangi hilo lisilo na mafuta limewaumiza vichwa wabunifu wa Munich kule Ujerumani, Milwaukee kule Marekani, na wa Japani, kwa zaidi ya miaka kumi. Nawasema wale wanaochora pikipiki za maonyesho, zinazoundwa moja au mbili tu ili kampuni ioneshe inakoelekea. Kama chombo hakina injini, hakina ekzosi wala klachi, na mafuta hakiyajui, kichorweje?

Kwenye gari swali hili si zito sana, kwa sababu injini ya gari hukaa chini ya boneti na wengi wetu hatujui hata imekaaje. Pikipiki inatembea uchi. Ukiitazama ubavuni unaona injini kwanza, na mengine yote yamepangwa kuizunguka. BMW wa Munich wanatambulika tangu R 32 ya mwaka 1923 kwa silinda mbili zinazochomoza kulia na kushoto, muundo unaoitwa boxer. (Huku kwetu ukitaja Boxer umetaja Bajaj, tena ya silinda moja. Tusichanganye.) Harley-Davidson nao wana silinda zao mbili zilizosimama kama herufi V. Ondoa vyuma hivyo, weka boksi la betri mahali pake, umebaki na friji yenye magurudumu mawili.

Na boksi lenyewe si dogo. Lita moja ya petroli ina takribani kilowati-saa 9 za nishati. Betri ya BMW CE 04, skuta ya umeme iliyoingia sokoni baada ya miaka ya maonyesho, ina kilowati-saa 8.9. Yaani chombo cha kilo 231 kinabeba nishati ya chupa moja ya petroli. Kinachokiokoa ni mota: injini ya petroli hupoteza zaidi ya theluthi mbili ya nishati yake kuwa joto, mota ya umeme hupoteza kidogo tu, ndiyo maana CE 04 inatajwa kufika kilomita 130 kwa chaji moja. Lakini mchoraji hapati nafuu. Petroli ni kimiminika, hufuata umbo la chombo. Unaweza kukunja bati la tangi unavyotaka nayo ikajaa kila kona. Betri ni tofali. Lazima lipatiwe nafasi, na litaonekana.

Hapo ndipo wabunifu walipogawanyika. Kundi la kwanza linasema: tunza sura ya zamani. Mfano wake bora ni BMW Vision DC Roadster iliyozinduliwa Juni 2019. Betri imesimamishwa pale ilipokuwa injini, na kila ubavu umewekwa kipozeo chenye feni. Ukiiwasha, vipozeo vile vinachomoza kidogo nje, kulia na kushoto, mahali palepale palipokuwa na silinda za boxer. Mara ya kwanza kuiona nilisema huu ni usanii mtupu, sawa na mtu aliyeng'oa jino akavaa la bandia la dhahabu. Baadaye nikalegeza. Betri hupata joto kweli, na ubavuni ndiko upepo uliko. Kilichochomoza kina kazi. Sura imerithiwa, lakini inalipa kodi ya nyumba.

Hilo kwangu ndilo jambo la kupimia. Jahazi la mashine linalovuka kwenda Unguja bado lina mlingoti. Hakuna nahodha anayeona haya juu yake, kwa sababu siku mashine ikigoma katikati ya mkondo, tanga litapandishwa. Mlingoti usioweza kubeba tanga ungekuwa kichekesho.

Kwa kipimo hicho, LiveWire ya Harley-Davidson inapita kwa taabu. Mwaka 2014 walianza kuizungusha kama mradi wa majaribio ili watu waipande na kutoa maoni, na mwaka 2019 wakaiuza kwa dola 29,799. Tangi lipo, limevimba kama la petroli, na pale kwenye kifuniko cha mafuta ndipo unapochomeka chaji. Kwa mteja wa Harley lina maana: amezoea kulibana kwa magoti, na mkono wake unajua kifuniko kilipo. Lakini mteja huyohuyo aliizoea Harley kwa muungurumo na mtikisiko, na hivyo viwili hakuna mchoraji aliyeweza kumrudishia. Mwaka 2021 pikipiki hiyo ilirudi kwa jina la LiveWire One, ikiuzwa dola 21,999. Karibu dola 8,000 zimekatwa ndani ya miaka miwili. Siwezi kuulaumu mchoro peke yake, ila kufanana na ya zamani kumbe hakukutosha kuishikilia bei.

Kundi la pili linasema: sahau injini, anza na betri. BMW hawahawa walileta Concept Link mwaka 2017, kwenye maonyesho ya Villa d'Este kando ya Ziwa Como nchini Italia. Betri imelazwa chini bapa kama godoro, uzito wote umeshuka karibu na ardhi, siti ni benchi inayosogezwa mbele na nyuma, na mbele hakuna dashibodi; taarifa zinaoneshwa kwenye kioo cha upepo. Kulikuwa na vituko pia: koti maalumu ambalo ukipunga mkono wake, mlango wa mizigo unafunguka. Kituko hicho hakikufika dukani, na wala sijamsikia anayekililia. Ila mwili ulifika karibu ulivyo. CE 04 ya mwaka 2021 ukiiweka kando ya mchoro wa 2017 unaona ni mtoto wa baba yake. Pikipiki za maonyesho chache mno hufika sokoni na sura zao.

Yamaha walikwenda mbali zaidi na MOTOROiD, Tokyo, mwaka huohuo wa 2017. Uzito wa betri, ambao wengine waliuhesabu kuwa balaa, wao waliufanya jiwe la mizani: betri huzungushwa kidogo huku na huku ili pikipiki isimame wima yenyewe bila stendi. Mpaka leo sijaona ya kuuzwa. Hata hivyo, katika zote nilizozitaja, hiyo ndiyo iliyonifundisha kitu kipya kuhusu betri.

Anayepinga kundi hili la pili ana hoja nzito. Vyombo vya mchoro mpya vinafaa mjini, kwenye lami laini, na vinapendwa na watu ambao hawakuwahi kuipenda pikipiki. Mpanda pikipiki wa miaka 20 anaiona CE 04 kama kabati la jikoni. Na mnunuzi wa chombo cha pili au cha tatu ndiye anayeshikilia bei ya mtumba; asipoitambua sura, hanunui. Ukimcheka kwa ushamba, elewa kwamba hata fundi wake gereji atakwambia, "Hii sijui naanzia wapi."

Huku kwetu ugomvi huu una umbo jingine, na hapo naona makundi yote mawili yamesahau mambo mawili. La kwanza ni abiria. Wabunifu wa maonyesho huchora kwa ajili ya mtu mmoja. BMW Vision Next 100 ya mwaka 2016 ilimchora mpanda peke yake, asiye na kofia ngumu, juu ya chombo kinachojisawazisha. Sasa mweke nyuma mama mwenye beseni la samaki, halafu mwanafunzi wa chekechea mbele, juu ya tangi. Sisifii, mshikaki umetuulia watu. Nasema tu kwamba tangi la bodaboda, lenye mafuta au tupu, lina kazi ambazo mchoraji wa Munich hakuwahi kuambiwa.

La pili ni mkono wa kuinyanyua betri. Betri ya DC Roadster ni sanamu, imefungwa mle daima. Kigali, ambako Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme, walianza mwaka 2019 na ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa kubeba abiria, betri ni kitu cha kung'oa na kubadilisha kituoni abiria akiwa anasubiri. Nairobi, Roam, kampuni iliyokuwa ikiitwa Opibus hadi mwaka 2022, wanauza pikipiki ambayo betri yake unaweza kuitoa ukaingia nayo ndani kuichaji. Kwa hiyo umbo linaamuliwa na mambo yasiyochorwa na wabunifu wa maonyesho: mpini wa kunyanyulia uko wapi, kilo ngapi mtu mmoja anaziweza, kufuli linakaa upande gani ili mwizi asione rahisi. Ukitimiza hayo umebakiwa na nafasi tupu juu, kati ya usukani na siti. Basi weka tangi. Magoti yanapata pa kushika, dereva anapata kabati, na abiria anayesimamisha bodaboda gizani anatambua kuwa hiyo ni bodaboda.

Ndiyo maana siko na wanaoliita tangi tupu utapeli. Lenye utapeli ni lile lisilofunguka, ganda la plastiki lililogundishwa ili lipendeze kwenye picha, na hayo yapo mengi tu. Na kwa skuta za mjini, kundi la pili limeshinda. Sioni haja ya kuendelea kubishana.

Nilimuuliza yule kijana, kama angepelekwa kwa hao wachoraji, angewaambia wabadilishe nini. Nilitegemea atataja tangi, au ukimya wa mota, maana analalamika watu wanamkatiza barabarani hawajamsikia. Akafikiri kidogo huku akipangusa siti.

"Warefushe hapa, mkubwa," akaonesha kwa shubiri. "Beseni linaangukia mgongoni."