Pesa ya zizi iko kwenye nguzo

Mtu wa Goma akitaka kujenga zizi la ng'ombe, huanza na bei ya mbao. Akishazipata anatafuta misumari, anapatana na fundi, na nguzo zinafikiriwa mwisho kabisa: miti yoyote iliyobaki. Ndiyo maana mazizi mengi yanapendeza msimu mmoja tu, kisha yanaanza kulala.

Ng'ombe hujikuna, husukumana wakati wa kutoka, na uzito wote huo unaishia kwenye nguzo. Mkaratusi mchanga uliosimikwa ungali mbichi huoza pale unapokutana na udongo, kwa sababu hapo maji na hewa viko pamoja. Juu unaugonga bado mgumu, chini umekwisha. Wengine hupaka oili chafu ya gari. Sikubaliani nao hata kidogo: ng'ombe hulamba mbao, na oili hiyo inaweza kuwa na madini ya risasi.

Kwa wenye viwanja juu ya lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo Januari 2002, ushauri wangu ni mfupi: achaneni na nguzo. Shimo la sentimita 60 pale ni kazi ya mtaimbo kutwa nzima, na nguzo yenye shimo fupi haimzuii ng'ombe, inamsubiri tu. Jengeni kwa mawe yaleyale ya volkano, kama tunavyozungushia parseli (viwanja) zetu, mbao zibaki za mlango.

Penye udongo, kama kule kwenye vilima vya Masisi, ningependa tusiwadharau wazee waliokuwa wakipanda mivumu, miti ya jamii ya mkuyu. Kipande kinene cha mvumu ukikichomeka wakati wa mvua kinaota mizizi na kuwa nguzo isiyooza, kwa kuwa iko hai. Utaniambia unachelewa. Ni kweli. Basi simika mkaratusi leo, na nyuma yake, nje ya zizi ambako ng'ombe hawafikii majani, panda mvumu. Mkaratusi ukianza kuchoka, mwenzake atakuwa ameshika. Tena mkaratusi unagombewa na kila mtu hapa: wachoma makala (makaa), wajenzi, hata mafundi wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Kwa nini tuuzike ardhini uoze, halafu tununue mwingine?

Jambo jingine linaloniudhi ni mbao kupigiliwa upande wa nje, eti wapita njia waone kazi safi. Zizi halijengwi kwa ajili ya wapita njia! Ng'ombe akiegemea kutoka ndani anaisukuma mbao iachane na nguzo, na kinachobaki kupambana naye ni msumari peke yake. Ikipigiliwa ndani, kila anavyosukuma ndivyo mbao inavyozidi kukandamizwa kwenye nguzo. Gharama ni ileile.

Mbao nzuri, zile zilizokauka vizuri, ningeziweka mlangoni, maana mlango hufunguliwa na kugongwa kila siku. Upana wa mita 3 unatosha kundi dogo. Uwe karibu na kona, si katikati, kwa sababu ng'ombe hupenda kufuata ua na watafika wenyewe bila fimbo nyingi. Na uwe upande wa juu wa mteremko. Kwa mvua zetu hizi, mlango wa chini maana yake ni kukanyaga samadi yote ya zizi kila asubuhi kabla hujakamua hata kikombe kimoja.