Reli Isiyoshikika

Katika jengo moja la ofisi hapa Dar es Salaam, ambalo sitalitaja kwa kuwa bado ninahitaji huduma zake, nilikuta karatasi imebandikwa ukutani penye ngazi, ikisomeka: "Tafadhali usiegemee wala usishike reli." Lifti ilikuwa mbovu, kama ilivyo desturi yake, na nyuma yangu alikuwa anapanda mama mtu mzima mwenye bahasha ya nyaraka za mirathi mkononi, huku mkono wake wa pili ukitafuta pa kukamata. Nilimwamkia nikampisha. Akaisoma karatasi ile taratibu, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, kama haishikwi, wameiweka ya nini?"

Swali hilo ningependa lijibiwe na kila msanifu majengo, kila mkandarasi na kila mwenye ghorofa katika mji huu, kwa sababu mimi nimeshindwa. Ninachoweza kusema ni kwamba neno lenyewe, "reli ya ngazi", tumelibebesha vitu viwili: kizuizi kinachomkinga mtu asitumbukie pembeni, na kishikio kinachompa mkono wake pa kukamata anapopanda au kushuka. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani huvipima vitu hivi mbalimbali, kwani kizuizi katika majengo ya umma hutakiwa kifikie inchi 42, ilhali kishikio hutakiwa kikae kati ya inchi 34 na 38 juu ya ukingo wa kidato. Fundi wetu wa kuchomelea akiambiwa aweke reli, anaelewa uzio, naye hujenga uzio kweli: maua ya chuma, mishale, duara ndani ya duara, na juu kabisa bomba pana la mraba ambalo kiganja cha mtu wa kawaida hakiwezi kulizunguka.

Hapo ndipo ninapokasirika. Mtu anayeteleza wakati wa kushuka hana nafasi ya kufikiri. Mkono wake hurukia kilicho karibu, na kama vidole haviwezi kukizunguka na kukibana, vitateleza juu yake na mwili utafuata. Ndiyo maana kishikio cha mviringo hutakiwa kiwe na kipenyo cha takribani milimita 32 hadi 50, na kiachane na ukuta kiasi cha kupitisha vidole. Ndiyo maana pia hakitakiwi kukatika pale ngazi inapoishia, bali kiendelee mbele kidogo, yapata milimita 300, ili mtu awe bado ameshika wakati mguu wake unapoifikia sakafu. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni vizuri kidato cha mwisho. Anakihesabu kwa mkono. Sisi reli zetu huishia kidato kimoja au viwili kabla, kwa ncha iliyokatwa kwa msumeno, tena wakati mwingine haijapigwa hata tupa, inanasa mkono wa buibui na kumvuta mwenye kuvaa.

Kuhusu uimara nisiseme mengi. Nguzo inayofungwa kwa skrubu fupi juu ya marumaru, bila kufika kwenye zege, itacheza tu, na bila shaka ndivyo ilivyozaliwa karatasi ile.

Nitaambiwa kwamba fedha ni tatizo, na ninakubali kwa shingo upande, maana chuma kimepanda bei na kodi za wapangaji huchelewa. Hata hivyo, mwenye ghorofa huyohuyo anayelia hana fedha za kishikio huwa ameweka geti lenye vichwa vya simba wawili waliopakwa rangi ya dhahabu. Kinachotokea ni kwamba reli huhesabiwa pamoja na kazi za umaliziaji, karibu na rangi na mapazia, hivyo bajeti ikibana inakuwa ya kwanza kupunguzwa, kana kwamba ni urembo. Nguzo ya jengo haipunguzwi. Mguu wa bibi yangu ukivunjika kwenye nyonga, hakuna atakayeuingiza katika hesabu za mradi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo. Wapo pia wakaguzi, ambao naamini nao hupanda ngazi.

Jambo la mwisho ni upande kinapowekwa kishikio. Watu wetu hawapandi ngazi mikono mitupu. Pampu ikigoma, ndoo ya maji hubebwa hadi ghorofa ya nne; mtoto yuko mgongoni, mkono mmoja umeshika mfuko wa sokoni, na aliyepooza upande wa kulia hawezi kukitumia kishikio cha kulia hata kingekuwa cha fedha. Vishikio vinatakiwa viwe pande zote mbili, na pale penye watoto wadogo kingeongezwa kingine chini yake. Upande wa ukutani ndio rahisi kuliko wote, kwani hauhitaji nguzo, maua wala mishale: ni bomba jembamba la mviringo na vishikizo vichache vilivyozamishwa vizuri ukutani, kazi ambayo fundi mmoja na msaidizi wake wanaimudu bila kusubiri kikao cha bodi.