Weka do pale mkono unapofika

Wengi wanaopanga nyimbo za jazi ya zamani kwa kundi la tromboni huchagua ki, yaani noti ambayo do inakaa, kwa kuangalia karatasi: flati (alama za kushusha noti nusu sauti) zikiwa chache, wapigaji wa kiwango cha kati hawatapata tabu kusoma. Mimi naamini tuanze na mkono.

Jazi ya New Orleans bila mtelezo wa tromboni, sauti inayopanda au kushuka bila kukatika, imepoa. Bendi zilipozungushwa mitaani kwa magari ya farasi, mpiga tromboni alikaa nyuma kabisa, kwenye kibao cha kushusha mizigo, ili apate pa kunyooshea slaidi, lile bomba linalovutwa mbele na nyuma. Mpiga tromboni Kid Ory, mzaliwa wa LaPlace, Louisiana, ndiye aliyeupa mtindo huo heshima. Msikilize katika "Muskrat Ramble", rekodi ya Louis Armstrong na bendi yake ya Hot Five ya mwaka 1926.

Wimbo huo mara nyingi utaukuta do ikiwa A-flati. Sasa jaribu kuteleza kutoka so kupanda hadi do. Haiwezekani: kati ya E-flati na A-flati lazima midomo ibadilike, na mtelezo unakatika. Hamisha do iwe B-flati. So inakuwa F, na F ileile tuliyoizoea pozisheni ya kwanza, slaidi ikiwa karibu kabisa, inapatikana pia pozisheni ya sita, slaidi ikiwa imenyooshwa mbali. Mkono unatoka huko mbali, unarudi kwa mvuto mmoja hadi ya kwanza, sauti imepanda mfululizo mpaka do. Do ikiwa F inakubali pia. Ikiwa C au E-flati, hapana.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Wengi wetu tumelelewa na tarumbeta za kanisani, kwa hiyo tunapanga kila kitu kama tenzi: sauti nne zinatembea pamoja, silabi kwa silabi. Jazi ile haikuwa hivyo. Koneti, ndugu ya tarumbeta, ilishika wimbo, klarineti ikazunguka juu yake, tromboni ikajibu chini, kila mmoja na njia yake. Basi sauti ya kwanza ipewe wimbo. Ya pili ifanye kazi ya klarineti, ila si noti za klarineti, maana slaidi haiwezi mbio zile. Ijibu pale wimbo unapopumua. Ya nne ikanyage mapigo ya kwanza na ya tatu, na huko chini acha kati ya sauti nafasi ya noti tano au nane (oktavu), kwani sauti zikisongamana chini zinavuma tu. Na kila mmoja apate mahali pa kupumzisha midomo.

Sauti ya tatu ndiyo ya Ory. Katika mazoezi yetu ilishikwa na kijana ambaye F yake siku zote ilikuwa pozisheni ya kwanza. Alipoinyoosha slaidi hadi ya sita alisita, bega likamwinuka, halafu akaivuta. Wenzake watatu waliacha kupiga wakamgeukia. Tangu siku hiyo, kila ninapofika kwenye F hiyo, naandika kwa penseli juu ya noti: 6.