Posa ya Serikali Tatu

Aprili 2014, Bunge Maalumu la Katiba likiwa limepamba moto Dodoma kwa ubishi wa Muungano kubaki na serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, au kuongeza ya tatu, ya Tanganyika, wazee wangu walipanda boti kwenda Unguja kuniposea, nami nyuma yao nimebeba mikoba. Mshenga alimsihi baba mkubwa tangu bandarini: "Siasa usiiguse. Yule mzee ni serikali tatu damu." Baba mkubwa, mtu wa serikali mbili hadi kwenye soksi, akaapa.

Kiapo kilidumu hadi kikombe cha pili cha kahawa. Redio ilitaja rasimu ya katiba ya Jaji Warioba, ile iliyopendekeza serikali tatu, basi tena.

Mwoaji hakai kwenye posa yake, kwa hiyo niliachwa barazani na kisahani cha halua, sikio dirishani. Nilitegemea kusikia vikombe vinavunjika. Wapi! "Shekhe wangu, niwie radhi, hapo tunapishana kidogo." "Tupishane, ndugu yangu, lakini onja kashata kwanza." Wagomvi wangechoka mapema, hawa walikuwa wanapumzishana.

Sasa nyuma ya pazia alijibanza shangazi wa binti, aliyejua fika kwamba kinachozungumzwa ni ndoa. Akamsikia baba mkubwa, kwa sauti ya upole kabisa: "Gharama zote tunabeba sisi, halafu mdogo adai mamlaka sawa na mkubwa?" Na mwenyeji, kwa upole uleule: "Kama ni mzigo, si bora kila mmoja arudi kwao, tubaki majirani wema?"

Talaka kabla ya mahari! Nikaliona sinia la biriani, lenye kuku mzima juu, limefika mlangoni na kugeuzwa kurudi jikoni.

Mara nikasikia, "Haya, tuje kwenye sarafu." Nikaweka kofia sawa: mahari hiyo. Kumbe ni sarafu na Benki Kuu! Rasimu ilikuwa imepunguza mambo ya Muungano kutoka 22 hadi 7, na wazee waliamua kuyapitia moja baada ya jingine.

Boti ya mwisho ikakaribia kuondoka. Wakatoka wameshikana mikono, wanacheka.

"Muungwana sana yule mzee," baba mkubwa akaniambia njiani. "Tumeelewana mno."

"Mahari kiasi gani?"

"Mahari?" Akasimama, akamgeukia mshenga. "Kwani wewe hukusema?"

"Niliomba mwongozo," mshenga akajibu, tumbo linanguruma. "Wote wawili mkaniambia nikae."