Glavu ya Nane Nane

Hivi nani aliwadanganya wauza chakula wa Nane Nane kwamba glavu ni ya kumkinga muuzaji?

Nimetoka maonyesho ya wakulima, viwanja vya Themi, Arusha, jioni hii. Habari za vumbi la Njiro na bei za siku ya wageni mnazijua, nazipita. Muuza juisi ya miwa anafutia glasi zote kitambaa kimoja, naye nampita. Nina neno na kijana wa mishkaki.

Alivaa glavu ya bluu, ile ya zahanati. Mimi mtu mzima, sili ovyo. Nikavuta kiti, nikaagiza, nikalipa kabisa.

Glavu ikazama kwenye ndoo ya nyama mbichi. Ikatunga mishkaki. Ikapokea elfu kumi ya mama mmoja, ikaingia mfukoni kutafuta chenji, ikatoka na simu. Ikaongea na simu weee, habari za pikipiki. Ikaongeza mkaa. Ikamshika mbwa shingoni, ikamsindikiza nje ya banda. Kisha, bila haya, ikaingia kwenye kachumbari, ikakoroga, ikaniwekea fungu.

"Kijana wangu, hiyo glavu umevaa saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, mzee. Siivui. Bwana afya alisisitiza."

"Hata chooni?"

"Chooni ndo muhimu zaidi mzee, kule si pasafi."

Nikauliza maji ya kunawa. Akanionyesha ndoo ya koki. Ndoo ipo, koki ipo, sabuni ipo ndani ya karatasi yake, maji hayapo.

Jamaa wa meza ya pili akadakia: "Mshua, we kula, moto unaua kila kitu." Moto upi? Mishkaki iliyoiva inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 60 kwenda juu. Ile ilipangwa pembeni ya jiko inapigwa upepo wa Agosti, tangu saa ngapi Mungu ndiye anajua. Na kachumbari ilipita motoni lini? Kikizuka kipindupindu mnadhani kwa nini wanawafukuza wauza matunda ya kukatwa?

Nilikula? Jamani, nilikuwa nimeshalipa!

Na mama watoto alinituma miche ya parachichi. Nafika, miche imeisha, dada wa banda la jirani ananikalisha ananiuzia trekta. Trekta! Shamba langu ni madebe matatu ya sukuma wiki nyuma ya nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba anasema moja ni la kuku wake.