Sambusa zangu zilivyowaponza Oilers

Kabla hamjaanza kunitukana niseme tu ukweli, hoki ya barafu mimi siijui. Nimekaa Edmonton, Canada, miaka na ile paki yao (kile kidude wanachokipiga badala ya mpira) sijawahi kuiona hata siku moja inaingia golini, naona watu wameruka ndo najua aah kumbe goli. Mimi mtoto wa Tanga jamani, nimekua na Coastal Union, na barafu ninayoijua ni ile ya ukwaju kwenye kifuko unaing'ata pembeni.

Sa mwezi wa sita 2024 Oilers, timu ya hapa Edmonton, wameingia fainali ya Stanley Cup, lile kombe kubwa la hoki, na Florida Panthers, mji ukachizika. Timu ya Canada haijabeba hilo kombe tangu Montreal 1993, na Oilers wenyewe mara ya mwisho 1990, kwa hiyo njaa ilikuwa ya miaka. Fainali ni mechi saba, wa kwanza kushinda nne anabeba. Wakapigwa ya kwanza 3-0, ya pili 4-1, ya tatu 4-3. Jengo letu likawa kama kuna msiba, watu wanasalimiana kwa kichwa tu. Jirani yangu wa mlango wa kushoto, mzee wa Kizungu, ndevu hajazigusa tangu mwezi wa nne manake mtoano ukianza hawanyoi mpaka timu itolewe au ibebe (wanasema mchezo huo walianza New York Islanders mwanzoni mwa miaka ya 80), na jezi nayo hafui, yani ukimkuta kwenye lifti unakumbuka ghafla kwamba daktari alikwambia upande ngazi.

Mechi ya nne ilikuwa Jumamosi tarehe 15, na mimi nimefunga, Arafa, kesho yake Idi. Na hapa mwezi wa sita jua linazama saa nne usiku, msicheke, saa nne! Mke wangu yuko zamu, nkaona nikikaa tu hivi nitakufa, nkavaa kanzu nkabandika karai nkaanza kukaanga sambusa za futari na za Idi kabisa, mlango wa nje nkauacha wazi harufu itoke. Mzee naye kwake mlango wazi, wamejaa watu.

Natumbukiza mkupuo wa kwanza, chwaaaa, nasikia huko yowe. Natumbukiza wa pili, chwaaaa, yowe. Mi sikutilia maanani, nawaza futari. Mechi ikaisha 8-1 tumeshinda, nageuka namkuta mzee kasimama mlangoni, anaangalia karai, ananiangalia mimi, anaangalia karai tena.

"Badi, kila ukikaanga tunafunga."

Nkacheka. Yeye hacheki. Akaniuliza timu yetu inaitwaje, nkamwambia Oilers, akasema enhe, watu wa mafuta, na humo ndani ya chombo chako mna nini? Mafuta. Macho yakamtoka kama kaona mwezi wa Idi mchana.

Ndo nikajua kamati ya ufundi ipo dunia nzima. Sisi Bongo tukichekwa timu ikiruka ukuta badala ya kupita getini, na hawa je? Detroit wanatupa pweza kwenye barafu tangu 1952, eti miguu yake minane ni zile mechi nane ulizotakiwa kushinda enzi hizo ubebe kombe. Pweza mzima! Pale soko la samaki la Deep Sea kwetu Tanga huyo angepata foleni. Na hao hao Florida wana panya wa plastiki, manake 1995 mchezaji wao Scott Mellanby alimuua panya chumba cha kubadilishia kwa fimbo yake ya kuchezea, akatoka hapo akafunga mawili, basi mashabiki wakaanza kurusha mapanya. Sa mtu wa panya anamshangaaje mtu wa sambusa.

Mechi ya tano Jumanne, mzee kaja na galoni la mafuta na masharti juu. Kanzu ile ile na isifuliwe, mlango wazi, nisionje kitu mpaka filimbi ya mwisho (alitaka nifunge kabisa, nkamwambia mzee Arafa ni mara moja kwa mwaka), na la mwisho, nisiangalie TV hata kidogo kwa sababu ile siku sikuangalia. Tukashinda 5-3. Ya sita Ijumaa 5-1. Tatu kwa tatu! Aliyewahi kutoka chini 3-0 kwenye fainali akabeba ni Toronto peke yake, 1942, sa fikiria mji ulivyokuwa. Watu wa ghorofa za juu ambao hata salamu hawakuwa wananipa wakawa wanashuka kunishika mkono. Nesi mmoja Mfilipino alinigusa kanzu kwenye lifti akaona sijaona.

Mke wangu akaniambia, "Baba Mwanaidi, unajua hii ni shirki?" Nkamwambia mi nakaanga tu mama, nia ni yao. Mama yangu nae kanitumia voisi kutoka Tanga, "Tumekuchangia nauli uende majuu, kumbe unaenda kuwa mganga."

Jumatatu tarehe 24, mechi ya saba, kule kwao Florida. Wakatangulia wao, mimi bado nafunga manda. Mkongo wa ghorofa ya pili, mtu wa Uvira, akaja mbio, "Ndugu yangu, rudia kwa mafuta, unatuua!" Nkatumbukiza chwaaa, haikupita muda Janmark kasawazisha, jengo likatikisika. Moja moja.

Hapo ndo shetani aliponipata. Kipindi cha pili nkapiga hesabu, nane na tano na tano na hili moja, magoli 19 nimeyakaanga na sijaona hata moja. Hata mpishi wa harusi anaonjeshwa bwana. Nkaweka mkupuo nkasema nichungulie dakika moja tu. Nkasimama nyuma ya mijitu mirefu, sioni kitu, paki iko wapi, ile kule, wapi, dakika moja ikawa sijui ngapi, mara nasikia pipipipipi. Karai. Nakimbia nakuta moshi koridoni umekuwa kama basi bovu linapanda mlima, na kengele ya jengo zima imeshalia.

Wote nje. Mzee alikataa, ilibidi Mkongo amshike mkono. Zimamoto wanaingia na mabuti, sisi tuko maegesho, jua bado linawaka, mimi na kanzu ya unga na kijiko cha matundu mkononi na watu kama mia wananitazama bila kusema neno. Kuna kijana alikuwa anaangalia kwenye simu, nkasogea. Na pale, wallahi, kwa mara ya kwanza maishani niliiona ile paki vizuri kabisa, inatoka kwenye fimbo ya Sam Reinhart inampita kipa wetu inaingia nyavuni. Nkasema kwa sauti, "Nimeiona!"

2-1, ikaishia hapo hapo.

Kesho yake asubuhi mlango unagongwa, nafungua nakuta mzee wa Kizungu simjui, kidevu kinang'aa, kanyooka, ananukia sabuni. Nkajua mtu wa bima huyu, nkaanza kujitetea kwamba mimi jana sijakaanga kitu. Akasubiri nimalize uongo wangu wote, ndo nkamjua kwa macho.

"Zimebaki?"

Nkamwambia zipo, ila zimeungua upande mmoja. Akaingia akakaa.